Tafuta kwanza pa kuilaza: jibu kwa msomaji anayetaka boti ya matanga

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mkazi wa Kisauni mwenye umri wa miaka 58, na baada ya miaka miwili nitastaafu katika utumishi wa umma. Nililelewa Gazi na marehemu babu, aliyenifundisha kuendesha ngalawa kabla sijaingia darasa la kwanza, ila tangu nianze kazi nimepanda chombo cha tanga mara chache mno. Sasa nataka boti yangu mwenyewe, iliyotumika, ya kutembea mimi na mke wangu. Nimeonyeshwa mbili. Moja ni ya faiba, futi 32, ina vyumba vya kulala, jiko na mashine ya dizeli. Imefungwa Mtwapa na mwenyewe ni mgeni anayerudi kwao. Nyingine ni mashua ya mbao ya futi 24 iliyoundwa Lamu, iko Bandari ya Zamani, na bei yake haifiki robo ya ile ya kwanza. Goti langu la kulia lilipasuliwa mwaka juzi. Mke wangu hapingi, ila anaogopa maji. Ninunue ipi, niangalie nini, na je, ningoje kiinua mgongo?

JIBU: Wa aleikum salaam, bwana. Nimeishi kwa kazi ya kukagua na kutengeneza boti katika mwambao huu kwa zaidi ya miaka 30, nami nitakujibu kama ambavyo ningemjibu kaka yangu: usinunue yoyote kati ya hizo mbili. Ya kwanza ni kubwa kuliko mikono minne itakayoihudumia, na ya pili, ingawa ndiyo inayoupendeza moyo wangu, inataka mabaharia ambao nyinyi hamnao. Kwa hali uliyoieleza ningetafuta boti ya faiba ya futi 18 hadi 22, isiyo na mkuku (uti wa chini ya boti) mrefu wa kudumu bali ubao wa katikati unaoinuliwa, yenye matanga madogo mawili au matatu na mashine ndogo ya kuning'iniza nyuma; na ningeinunua sasa, kwa mshahara, bila kungoja kiinua mgongo.

Wengi huchagua boti kwanza, kisha ndipo wakahangaika kutafuta pa kuiweka. Mimi huwaambia waanze na pa kulaza, kwa sababu hapa kwetu maji yenyewe ndiyo yanayoamua ni chombo gani kitakaa wapi. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti baina ya maji kupwa na maji kujaa Mombasa hufika mita 3.5 hivi, na siku nyingine hukaribia mita 4. Mahali ulipoifunga boti alfajiri ikielea vizuri, saa nne asubuhi panaweza kuwa tope na kaa, kwani bamvua zetu hupwa kati ya saa nne na saa tano na kujaa alasiri. Wewe uliyekulia Gazi, ambako sehemu kubwa ya ghuba hukauka, huhitaji kufundishwa jambo hili. Lakini nimeona watu wa pwani hii hii wakilisahau mara tu wanapoona vitanda na jiko ndani ya boti.

Boti ya futi 32 yenye mkuku wa kudumu huhitaji maji ya mita 1.5 au zaidi chini yake saa zote. Maana yake ni kwamba itafungwa katikati ya hori, yaani mkono wa bahari unaoingia bara, si ukingoni, na wewe utahitaji kimashua cha kukufikisha, mlinzi wa usiku, na kamba na mnyororo wa kuifungia ambao lazima mtu azame kuukagua. Hori la Mtwapa lina kina hicho na lina mafundi, na ndiyo sababu boti za aina hiyo hujazana huko. Lakini wewe unakaa Kisauni. Kila unapotaka kwenda kuitazama, kuitoa maji au kuifunga upya kwa sababu bahari imechafuka, itakubidi uingie barabara ya Malindi pamoja na matatu na malori yote. Ukifikiria kuileta karibu, ndani ya hori la Tudor, utakutana na daraja la Nyali, nalo halifunguki. Mlingoti wa boti ya ukubwa huo huinuka mita 12 na zaidi juu ya maji, kwa hivyo asiyetaka kuvunja kitu hupima uwazi wa daraja wakati wa bamvua iliyojaa, si wakati wa kupwa anapojidanganya kwamba pana nafasi. Uzoefu wangu ni kwamba boti inayofikiwa kwa dakika 20 hutumiwa kila wiki, na inayofikiwa kwa saa moja na nusu hutumiwa siku za wageni.

Boti ya futi 18 hadi 22 yenye ubao unaoinuliwa inaweza kuelea katika maji ya magotini. Inaweza kukaa juu ya mchanga bila kudhurika, mlingoti wake hulazwa na watu wawili, na ikiwa ina trela yake inaweza kulala uani kwako, chini ya turubai, ikavutwa na pikapu siku unayoitaka. Uani hakuna ada wala magamba, na huna haja ya kuwaza usiku wa kusi kama kamba imeshika. Trela nayo ina maradhi yake: maji ya chumvi huzila beringi za magurudumu, kwa hivyo zioshe kwa maji yasiyo na chumvi na uzipake grisi kila baada ya safari, na usikubali kununua trela ambayo gurudumu lake likizungushwa linalia kama kinu.

Sasa nije kwenye ukubwa wenyewe, kwa sababu hapo ndipo watu wa rika letu hukosea zaidi. Mtu hudhani boti ya futi 32 ni kubwa kuliko ya futi 20 kwa zaidi ya nusu tu. Urefu ndio ulioongezeka hivyo. Lakini chombo kina urefu, upana na kina, na vyote vitatu hukua pamoja, kwa hivyo uzito na ujazo huwa takriban mara 4. Rangi, kamba, matanga, mashine na gharama ya kuipandisha nchi kavu vyote huufuata uzito huo kuliko urefu ulioandikwa kwenye tangazo. Nguvu inayotakiwa mkononi nayo ni hivyo hivyo. Nanga ya boti kama ile ya Mtwapa huwa na kilo 15 hivi, na mnyororo wa milimita 8 una kilo 1.4 hivi kwa kila mita. Ukiwa juu ya maji ya mita 10, unapoing'oa nanga unavuta karibu kilo 29, ukiwa umepiga goti kwenye omo, mbele ya boti, inayopanda na kushuka. Goti hilo ni lile lililopasuliwa. Unaweza kuniambia kuna winchi ya umeme. Ipo, na siku itakayoharibika itakuwa siku ya upepo.

Katika umri wetu swali la maana zaidi kuhusu boti yoyote ni hili: ukianguka majini, utarudi vipi? Kijana huruka na kujitupa ndani. Mtu wa miaka 65 aliyevaa nguo zilizolowa hawezi kujiinua juu ya ubavu ulio mita moja na zaidi kutoka majini, na mke wake hawezi kumvuta. Boti ndogo ya faiba ninayoisema ina ubavu wa chini, na ngazi ya nyuma inaweza kuteremshwa na mtu aliye ndani ya maji. Hakikisha inateremka kutoka majini, kwani nimeona ngazi nyingi ambazo lazima mtu awe ndani ya boti ndipo azifungue. Angalia pia mti wa chini wa tanga kuu unapita wapi unapobadilisha upande. Katika boti nyingi ndogo za mashindano unapita usawa wa sikio, na anayevaa miwani na kumeza dawa za shinikizo la damu hapaswi kuwa akiinama kwa ghafla kila dakika tano.

Kuhusu mashua ya Lamu nitasema zaidi kidogo, kwa sababu najua utaikumbuka hata baada ya kusoma barua hii. Ni chombo kizuri, na fundi aliyekiunda pengine alikipima kwa jicho na kamba bila karatasi. Lakini tanga lake la pembetatu linaning'inia katika foromali, mti mrefu wa kulibebea, na chombo kinapogeuza upande, foromali na tanga vyote huzungushwa mbele ya mlingoti, mtu mmoja akishika usukani, mwingine akiwa kwenye demani (kamba ya kuongozea tanga) na mwingine kwenye foromali. Babu yako Gazi alikuwa na wajukuu. Wewe utakuwa na mama watoto ambaye anaogopa maji. Wa pili wa kufikiriwa ni mdudu wa bahari anayetoboa mbao, ambaye kwa kweli ni jamaa ya kome na chaza, mwenye mwili kama mnyoo. Tundu analoingilia linaweza kuwa dogo kama la sindano, ilhali ndani ya ubao ameshachimba njia ya unene wa kidole. Ndiyo maana wazee walikikweza chombo mara kwa mara, wakakikwangua, wakakichoma upande wa chini kwa makuti na kukipaka deheni ya chokaa na shahamu. Kazi hiyo haina mwisho, na haingojei goti lipone. Kama mashua ile imekuganda moyoni, wakubalie wenye nayo wakupakie siku za mashindano, ukashike kana (mkono wa usukani) na urudi nyumbani kulala bila deni la kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao.

Boti gani hasa basi? Sitakutajia muuzaji, lakini aina tatu zinaonyesha ninachomaanisha. Drascombe Lugger, iliyosanifiwa na John Watkinson huko Uingereza katika miaka ya 1960, ina urefu wa mita 5.7 na uzito wa kilo 340 hivi, na ubao wake ukiinuliwa inaelea katika maji ya sentimita 25. Matanga yake ni madogo matatu, na upepo ukizidi unashusha la kati na kuendelea na la mbele na la nyuma bila haraka. Hiyo, au nyingine inayofanana nayo, ndiyo ningekutafutia. Wayfarer, ya Ian Proctor, ya mwaka 1957, ni nyepesi na ya kasi zaidi, na imewahi kuvuka bahari kubwa ikiwa na watu wawili; lakini inaweza kupinduka, na kuisimamisha ni kazi ya wenye magoti mazima. Ukibahatika kukuta boti yenye mikuku miwili ubavuni, kama Westerly Centaur ya futi 26 iliyoanza kuundwa mwaka 1969, hiyo husimama wima juu ya mchanga maji yanapokupwa na ina pa kulala; ni tani 3 hata hivyo, kwa hivyo isahau trela. Hiyo ndiyo kubwa kuliko zote ninazoweza kuzikubali kwa ajili yako. Katamarani ndogo za ufukweni zina raha yake, ila mtu hukaa juu yake kama kuku juu ya kamba, na sidhani ndicho unachokitafuta.

Mashine iwe ya nje, ya kuning'iniza nyuma. Sababu yangu ni ya kijamii kuliko ya kiufundi: wavuvi wetu wengi wanazitumia, kwa hivyo kutoka Vanga hadi Kizingitini utapata fundi na plagi. Dizeli ya ndani ya boti ya futi 32 ni mashine njema, ila kipuri chake kikikosekana utangoja sanduku litoke ng'ambo.

Ukipata boti, usiinunue kabla hujaiona tumbo. Hapa bahari inatusaidia bure: chagua asubuhi ya bamvua, iletwe juu ya mchanga safi maji yakiwa bado yamejaa alfajiri, na kufikia saa tatu utakuwa ukiizunguka kwa miguu jua likiwa upande wako; itaelea tena mchana. Muuzaji anayekataa jambo hili amekwisha kukujibu. Chukua nyundo ndogo ya plastiki au mpini wa bisibisi, uigonge faiba kila baada ya sentimita 10, chini na juu ya sitaha. Faiba nzima hutoa mlio mkavu, na iliyoachana au iliyoloa ndani hutoa mlio bubu, kama unagonga fenesi. Zunguka hasa sehemu ya mlingoti na pale nyaya zake zilipofungwa, kwa sababu sitaha za boti nyingi zina mbao laini katikati ya faiba mbili, na maji yakiingia kwa tundu la skrubu mbao huoza huku rangi ikimeremeta juu yake. Chini ya maji tafuta malengelenge. Moja likipasuliwa na kutoa maji yanayonuka siki, faiba imeanza kunyonya maji. Katika boti ndogo si msiba, ni sababu ya kupunguza bei, lakini yakiwa mamia ondoka. Tikisa usukani kwa mikono miwili, na uteremshe na kuuinua ubao wa katikati wewe mwenyewe, kwani kisanduku chake ndicho kinachovuja kuliko kitu kingine chochote katika boti za namna hii.

Ndani, fungua kila kifuniko. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na mkaguzi hulifuata neno hilo kama lilivyo: maji, mafuta, chumvi iliyoganda na kutu vyote huishia ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, na muuzaji hukumbuka kupaka rangi juu kuliko kusafisha chini. Mimi mwenyewe niliwahi kulipuuza hilo. Nilimkagulia mtu boti ya futi 29 iliyokuwa imefungwa majini, kwa kuwa mwenye kiwanja cha kupandishia alituambia hana nafasi wiki ile, nami kwa aibu ya kuwasumbua watu nikaridhika. Wiki ya tatu baada ya kununua, vali ya choo ilikatika mkononi mwa mnunuzi alipoifunga. Ilikuwa ya shaba ya njano ambayo bahari imeila zinki yake, ikabaki na rangi ya waridi na nguvu ya biskuti. Tundu likazibwa kwa leso ya mkewe na mpini wa ufagio hadi maji yalipokupwa. Tangu siku ile, boti yenye matundu chini ya maji huikwangua kila vali kwa kisu, na boti isiyo na tundu hata moja chini ya maji huiongezea alama. Hiyo ni sababu nyingine ya kupenda ndogo.

Nyaya za mlingoti zipitishe kipande cha pamba kutoka chini hadi unapofika. Uzi uliokatika hunasa pamba kabla haujaonekana kwa jicho. Zikiwa na umri wa zaidi ya miaka 10 katika jua na chumvi ya kwetu, hesabu kuzibadilisha hata kama zinang'aa. Matanga yainue dhidi ya jua, kisha usugue mishono kwa ukucha, kwa maana jua huua uzi kabla ya kitambaa. Tanga lenye kitambaa kigumu na uzi mbovu hushonwa upya kwa fedha kidogo, lakini kitambaa kinachopasuka kwa kusukumwa na kidole gumba kimekwisha. Mashine iguse kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini iliwashwa kabla hujafika. Ikiwashwa, itazame ikitema maji ya kupozea bila kukatika, na umwage kidogo mafuta ya gia: yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia.

Makaratasi yanahitaji subira kuliko haya yote. Omba cheti cha usajili, mkataba wa mauzo uliotiwa saini mbele ya wakili, namba ya boti na ya mashine zilinganishwe na karatasi, na barua ya mwenye mahali ilipofungwa kwamba hakuna ada inayodaiwa. Boti ya mgeni, kama ile ya Mtwapa, huenda iliingia nchini kama chombo cha msafiri, bila kulipiwa ushuru. Siku inapouzwa kwa mwananchi, ushuru wa forodha na VAT huja, na bei uliyoiona rahisi hubadilika sura. Nenda KRA, mamlaka ya mapato, mwenyewe na namba ya chombo kabla ya kutoa arubuni. Kisha upite KMA, mamlaka inayosimamia usalama wa vyombo vya majini na yenye makao yake hapa hapa Mombasa, ukaulize chombo cha urefu wako kinahitaji ukaguzi na vifaa gani. Usikubali kauli ya «hivi vidogo havisumbuliwi». Jaketi za kuokoa maisha nunua mpya, kwa kipimo cha kila mmoja wenu.

Kuhusu fedha, nina msimamo ambao wengine huuona mkali. Kiinua mgongo kisiguse maji. Fedha hiyo ni ya paa, hospitali na ada za watoto waliobaki, na haitapata mshahara wa kuifuata nyuma ikipotea. Ukinunua boti ndogo leo, una mishahara ya miezi 24 ya kutengenezea kasoro utakazozigundua, na utazigundua. Ukifika miaka 60 utakuwa unaijua boti yako, na boti haitakudai chochote kikubwa. Tenga robo ya bei ya ununuzi kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza, na kila mwaka baada ya hapo sehemu moja katika kumi. Kama hesabu hiyo inakushinda, punguza futi; usipunguze nyaya wala jaketi. Wakati mzuri wa kununua ni Aprili na Mei. Kusi imeingia, wenye boti hawatoki, ada za kufungia zinaendelea, na mvua ya masika itakuonyesha bila malipo kila mahali sitaha inapovuja.

Kutumia ni jambo jingine. Msimu wenu wawili uanze Oktoba, upepo wa matlai unapokuwa mwepesi, uendelee katika kaskazi hadi Machi. Kilele cha kusi, Juni na Julai, bahari ya nje iacheni: mawimbi huvunjika kwenye milango ya miamba, na mkondo wa nje, ambao hapa Mombasa huenda kaskazini mwaka mzima, huongezeka nguvu, kwa hivyo aliyeteremka kirahisi kuelekea Kilifi hurudi kwa kubisha dhidi ya upepo na maji kwa pamoja. Ndani ya hori la Tudor au Mtwapa mnaweza kutembea mwaka wote. Kilindini mpite kwa adabu. Wako wanaoamini kwamba chombo cha tanga hupishwa na kila kitu. Kanuni ya 9 ya sheria za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, inasema kinyume chake: chombo kilicho chini ya mita 20, au chombo cha tanga, kisiizuie meli ambayo haiwezi kupita salama nje ya mlango mwembamba. Meli ya makontena haitasimama kwa ajili yenu, na feri za Likoni nazo zina ratiba.

Mkitia nanga pahali, kumbukeni maji yetu. Mtu hutia nanga wakati wa kupwa juu ya mita 3 na kuachia mita 12 za mnyororo, akidhani ametimiza mara nne ya kina. Bamvua ikijaa, chini yake pana mita 7, naye angehitaji 28. Boti huanza kutembea yenyewe wakati wenyewe wanakula.

Mwisho, mama. Wengi humchukua mke kama abiria, wakamkalisha mbele na kumwambia ashike kitu, kisha wakashangaa hofu haipungui. Hofu ya anayekaa bila kazi majini ni ya haki, kwani akipotea nahodha yeye hana la kufanya. Siku ya kuijaribu boti, kabla hujamlipa muuzaji, nendeni wote wawili ndani ya hori, maji yakianza kujaa ili yasiwapeleke nje, upepo ukiwa mdogo. Mpe kana tangu mwanzo, umwonyeshe kwamba boti hii ikiachiwa demani inasimama. Kisha tupa boya, umwambie boya hilo ni wewe, na unyamaze kabisa, hata kwa ishara ya mkono, hadi alifikie na kulisimamia kando. Akishindwa mara tano katika boti hiyo huku anajitahidi, jaribuni ndogo zaidi. Akiweza, mwulize yeye kama mnunue.